Historia ya Dada Yetu, Mtengenezaji wa Katuni ya Mji wa Karatasi

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, mtoto wa kike pekee katika nyumba ya fundi cherehani, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1992, ambako aliadhibiwa kwa kuchora watu kwenye pembe za daftari, kila ukurasa akiwasogeza kidogo, ili kurasa zikifunuliwa harakaharaka watembee.

Mwaka 1996 aliajiriwa kuchora mabango katika kampuni ya matangazo, ambayo mkurugenzi wake ameketi mstari wa mbele, karibu sana mzee. Tarehe 2 Desemba 2000 alifunga ndoa na fundi umeme, wakajaliwa binti mmoja, aliyekua akijua kuwa meza ya sebuleni haiguswi, kwa sababu juu yake mama yake alijenga mji wa karatasi, akawa anawasogeza watu wake upana wa punje ya mchele, anapiga picha, anasogeza tena, mpaka ikapatikana katuni ya dakika nne iliyomchukua miaka sita.

Kazini walimwita Mama Midoli. Alipoomba kuazima taa iliyokaa bure stoo, mkurugenzi alimjibu mbele ya watu, "Mama, hapa tunafanya kazi, michezo ya watoto kafanyie kwako," watu wakacheka, naye akaenda akafanyia kwake, kwa taa ya kusomea ya binti yake.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka jana, katuni ikapata tuzo Agosti, akafariki hospitalini mchana wa tarehe 3 mwezi huu. Jana, tukiwa bado tunachagua jeneza, mkurugenzi alituletea shada la maua pamoja na ombi, kwamba jina la kampuni liwekwe mwishoni mwa katuni, maana "ile ni kazi yetu sote."

Sasa, kaka yake, huyu anayewasomea, mwenye pua hii mnayoiona, siku moja aliingia sebuleni kuchungulia, akapiga chafya, mji mzima ukalala chali. Dada alimporomoshea maneno yasiyosomeka msibani, kisha akawapiga picha watu wake walivyoanguka, na ile dhoruba mnayoisifia katika katuni ndiyo chafya yenyewe. Jina la kaka halimo. Mwenye chafya hayumo, sembuse mwenye taa iliyobaki stoo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake waliocheka siku ile, kisha wakaja kimyakimya kuchangia damu. Shada tumelipokea, ombi tumelikataa. Katuni itaonyeshwa ukumbini baada ya maziko, na jina mwishoni ni moja.

Pumzika kwa amani, dada, meza yako hajaigusa mtu.