Fundi wa Makochi na Sura ya Kwanza

Kaka yetu mkubwa, ambaye nusu ya mliokaa hapa msibani mmezoea kumwita Sura ya Kwanza, alizaliwa Jumapili ya tarehe 11 Mei 1947, asubuhi, watu wakiwa ibadani. Mama yetu aliona hiyo ni dalili njema. Baba yetu aliona ni usumbufu, maana mkunga naye alikuwa kanisani na ilibidi aende kumtoa kwaya ikiendelea kuimba. Walikaa chumba cha nyuma katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa mlinzi wa ghala na mama alishona magunia yaliyotoboka, na kwa mama ndiko kaka alikojifunza kushika sindano kubwa iliyopinda, hata kabla hajajua kushika kalamu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1961. Kichwa alikuwa nacho, utulivu hakuwa nao. Siku moja alikalia kiti cha mwalimu mkuu kuonja utamu wa ukubwa, kiti kikakatika mguu na springi zikachomoza. Adhabu yake ikawa kukitengeneza, naye akakitengeneza vizuri mno hata walimu wote wakaanza kumtafutia makosa ili adhabu iwe kutengeneza viti vyao. Ndivyo ufundi ulivyomjia, kwa njia ya viboko alivyokwepa.

Alifunzwa kazi na fundi mmoja mkali wa makochi, kisha mwaka 1972 akafungua karakana yake kwenye chumba cha kupanga kilichopakana na mashine ya kusaga, ndiyo maana makochi yake yote yalitoka yakiwa na unga kidogo. Mafundi wa makochi huweka misumari mdomoni ili mikono ibaki huru. Kaka aliigeuza hiyo kuwa ngao. Mteja akiuliza kochi litakuwa tayari lini, yeye aliinua kidole kuonyesha misumari, akatikisa kichwa kwa masikitiko, na mteja akaondoka bila tarehe. Mwaka 1974 alikuja msichana mmoja kufuata kochi la shangazi yake. Yeye hakuuliza lini. Aliketi mlangoni akasema, "Endelea tu, nitasubiri uteme." Wakaoana mwezi Agosti mwaka huohuo, wakajaliwa binti na wavulana wawili.

Sasa tufike pale ambapo wengine wangependa tuparuke. Wifi yetu, mjane wake, ameagiza tusiparuke, na yeye haagizi mara mbili.

Mwaka 1984 kaka alishikwa na kile kitabu cha mwisho cha Biblia, kitabu cha maono ya siku za mwisho. Alishikwa nacho kama homa. Mwanzo wa kitabu aliupita mbio, akaenda kupiga kambi katikati, kwenye wanyama wenye pembe, moto na vita. Aliunganisha mashuka matatu, akachora juu yake wanyama wote kwa rangi, akawa anayatundika kwenye chumba cha ibada na kuwafundisha watu kwa fimbo ndefu. Watu walikuja kwa wingi. Kuogopeshwa nako kuna raha yake, mradi uwe mtu mzima.

Binti yake alikuwa na miaka minane, naye ndiye aliyemshikia kopo la rangi. Kwenye kona moja ya shuka palibaki nafasi, kaka akachora humo yale maono ya sura ya kwanza: yule wa utukufu, uso unang'aa, nyota saba mkono wa kulia, na mzee mwandishi ameanguka miguuni pake kama maiti. Binti akatazama, akauliza, "Baba, umesema alimwekea huyu mzee mkono wa kulia akamwambia asiogope. Sasa zile nyota alizipeleka wapi?"

Kaka alikuwa na haraka. Akamjibu, "Mtoto hahoji mambo matakatifu. Ukihoji, siku ile utaachwa nje."

Neno likitoka limetoka. Wiki chache baadaye ikapiga radi mchana, mtoto akatoweka. Tulimtafuta kwa majirani, kwenye mashine ya kusaga, hadi kisimani. Kaka ndiye aliyesikia kilio ndani ya kochi la mteja lililokuwa halijafungwa kitambaa cha chini. Binti alikuwa amejipenyeza mle ndani, kati ya springi, na alikataa kutoka. Ilibidi kaka achane kitambaa kipya cha watu kwa kisu ili amtoe. Alipomuuliza anajificha nini, alisema, "Nisionekane nikiachwa."

Jioni ile wifi yetu alichukua mkasi wa karakana akayakata mashuka vipandevipande, na mwaka mzima tulifutia vumbi vichwa vya wanyama. Kaka aliacha kufundisha, lakini hakumkalisha mwanawe chini akamwambia, mwanangu, nimekosa. Alidhani ukiondoa shuka ukutani umeondoa kila kitu.

Binti akakua, akasoma, akawa mwalimu wa hesabu. Mwaka 1995, kabla ya kuhamia mji mwingine kwa kazi, alimwambia baba yake mezani mbele yetu sote, kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza kaka kuliko kelele. Alisema, "Baba, mimi siamini tena. Na kibaya zaidi, bado naogopa."

Kaka hakumaliza chakula. Mwaka uliofuata akaanzisha darasa la Jumatano palepale karakana, akakirudia kitabu kilekile, safari hii kuanzia mstari wa kwanza. Watu walikalia makochi ya wateja, na wateja walilalamika kwamba makochi yao yanarudi yameshakaliwa na nusu ya mtaa. Alifundisha sura ya kwanza mwaka ule wote. Mwaka wa pili, sura ya kwanza. Tukasema basi, mwaka wa tatu lazima wahame. Hawakuhama.

Alikuwa na namna yake ya kuisoma, na wanadarasa wake wamo humu watashuhudia. Alisema kitabu hiki hakianzi na mnyama, kinaanza na heri: heri kwa anayesoma na heri kwa wanaosikia. "Maana yake kisomwe kwa sauti, watu wakiwa pamoja," alisema. "Anayejifungia nacho peke yake kitamtisha, na kosa ni lake." Alisema mwandishi hakujiita mkubwa wa mtu, alijiita ndugu na mwenzao katika taabu, mzee aliyetupwa kisiwani mbali na watu wake. Mtu aliyetengwa na wapenzi wake hawaandikii ili wakose usingizi. Na alipoisikia ile sauti kubwa nyuma yake akageuka, hakuuona uso kwanza. Aliona taa saba. Taa ni makanisa, sura yenyewe inaeleza mwishoni, hakuna haja ya mtu kubuni. "Kwa hiyo kabla hajaona kitu cha kutisha aliwaona ninyi," alisema, "na yule wa utukufu amesimama katikati yenu, hajasimama mlangoni kuhesabu wa kuacha nje."

Kinyozi wetu, mwanadarasa asiye na subira, alimwambia siku moja, "Fundi, tufike kwenye joka basi. Miaka kumi sasa."

"Joka lina haraka gani?" kaka akamjibu. "Nani humu ndani ameshaacha kuogopa? Anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu. Wakarudi mstari wa kwanza.

Watu wakamtania mpaka jina likamganda. Wakaja wahubiri wa kupita kumuuliza mwisho wa dunia ni lini, na wifi akawajibu kwa niaba yake, "Huyu hajawahi kujua kochi litaisha lini, atajuaje dunia?" Lakini sisi dada zake tulimuuliza wifi kwa siri kwa nini mumewe amekwama. Alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua macho. "Hajakwama. Huyu hafundishi, anasubiri. Kuna mwanafunzi mmoja hajafika."

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa akija likizo na mumewe na watoto, anacheka, anapika, analeta zawadi. Biblia ikifunguliwa tu anakumbuka vyombo. Sufuria za nyumba ile hazijawahi kung'aa kama miaka hiyo. Kaka hakumshurutisha hata siku moja. Kwenye darasa alikuwa akisema tu, "Mwanafunzi mmoja, leo hayupo, aliwahi kuuliza zile nyota zilikwenda wapi," na darasa linabishana, naye anasikiliza akiutazama mlango. Subira huvuta heri, lakini jamani, heri nyingine huvutwa kwa kamba ndefu.

Mwaka 2016 macho yake yalianza kufifia kwa presha ya macho, na kufikia 2020 hakuona tena. Aliendelea kushona kwa kupapasa, na kusema kweli mishono yake ikawa mizuri zaidi. Darasa nalo liliendelea, kinyozi akawa msomaji. Mwezi Julai mwaka huu wa 2023 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, na mwezi Septemba madaktari wakaturuhusu tukae naye nyumbani.

Binti alichukua likizo akaja kumuuguza. Jumatano ya mwisho kinyozi alipata dharura, darasa limekaa kuzunguka kitanda, kitabu kipo, msomaji hayupo. Kaka hakumwomba binti yake. Wifi akaenda kusimama mbele ya karai la vyombo ili mtu asipate pa kukimbilia. Mwishowe binti akafuta mikono, akakichukua kitabu, akaanza kusoma. Alisoma heri, akasoma kisiwa, akasoma taa. Alipofika mzee anapoanguka, alishusha kitabu. Akasema, "Baba, hapa ulikuwa hujanijibu."

Kaka akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa cha binti, akauweka mkono wake pale. "Nilikusomea vibaya, mama," alisema. "Ulikuwa mtoto na nilikutisha. Nisamehe."

Binti alilia, na hakuna aliyemkataza. Kisha akauliza, kwa sauti ya yule mtoto wa miaka minane, "Na nyota?"

"Sijui, mama. Miaka yote hii sijui. Ila nadhani mtu akianguka mbele ya anayempenda, yule anayempenda hakumbuki alikuwa ameshika nini."

Binti akamalizia sura. Mkono wa baba yake haukutoka kichwani pake mpaka neno la mwisho. Kesho yake, Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, alasiri, kaka yetu alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Binti yake ndiye aliyemfumba macho, na alituambia hakuogopa.

Kaka yetu ameacha mjane, wavulana wawili ambao ni mafundi kama yeye na ambao nao hawasemi kazi itaisha lini, wajukuu saba, sisi dada zake watatu na mdogo wetu mmoja wa kiume, darasa la Jumatano, na makochi manne ya watu ambayo wenyewe mnaombwa mvumilie. Ameacha na binti. Jana jioni, tulipokuwa tunapanga ratiba hii, kinyozi alimuuliza kwa uoga kama darasa sasa limekufa. Binti akasema hapana, Jumatano mje, atasoma yeye kabla hajarudi kazini. Kinyozi akauliza waanzie wapi. Akasema, "Sura ya pili. Ya kwanza Baba ameimaliza."

Pumzika, kaka. Aliyekuwa hayupo amefika.