Asumani bin Amadi, Msomaji wa Mikojo ya Watoto wa Naviundu

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi tisa ya kazi, Bwana Asumani bin Amadi, ambaye labo nzima inamwita Baba Asumani, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 1962. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajaribu, ingawa tusidanganyane: sote tumechoka, na anayeondoka amechoka kutuzidi.

Alizaliwa Kasongo, Maniema, katika nyumba ya mafundi cherehani. Machi 1931 aliingia hapa kuosha vioo vya darubini, na miaka miwili baadaye alikuwa akivisoma. Amefuata malale mpaka Kasomeno kwa baiskeli, amesoma minyoo ya kila namna, lakini kilichomshika moyo ni kichocho. Kidudu chake hutoka kwa konokono wa mtoni, humwingia mtoto anapooga, na mwishowe mtoto anakojoa damu.

Wote tunalijua sharti lake. Mayai ya kidudu hiki hushuka kwa wingi saa sita mchana, mtoto akiwa ametoka kukimbia. Kwa hiyo mtoto hukimbia kwanza, ndipo anapewa chupa. Mwaka 1948, nikiwa mgeni kazini, nilimletea chupa kumi za asubuhi. Alizimwaga zote mbele yangu, akanirudisha kwa miguu mpaka Naviundu nikazichukue upya. Nilimchukia wiki nzima.

Mwanzoni mwa 1960 alianza utafiti wa watoto arobaini na mmoja wa Naviundu: sindano kumi na mbili kwa kila mmoja, kisha kupima mkojo mara kwa mara kuona kama dawa imekiua kidudu. Julai, vurugu zilipoanza baada ya uhuru, daktari wetu aliondoka na familia yake, akaacha wazi nyumba yake ya mtaa wa Golf na jokofu la labo. Hakuna aliyemwambia Baba Asumani aendelee. Aliendelea. Kabla ya pensheni alitaka jambo moja tu: kuiona mikojo ya wote arobaini na mmoja ikiwa safi.

Haikuwa rahisi, ila kicheko hakikukosekana. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani, askari alifungua sanduku la chupa akidhani amekamata pombe. "Iko mukojo ya batoto, chef," Baba Asumani alimwambia kwa heshima zote, lakini chef alikuwa ameshaonja. Tangu siku hiyo Baba Asumani alipita pale bila kuulizwa kitu.

Kisha ikaja Septemba 1961. Watu wa Kasai, waliokuwa wakiwindwa hapa kwa kabila lao, walikimbilia kambi ya ONU, yaani Umoja wa Mataifa, kwa maelfu, wakiwemo ishirini na sita kati ya watoto wetu. Baba Asumani aliwatafuta hema kwa hema. Saa sita ilipofika akawaambia wakimbie, kama kawaida. Mama Martine, mzazi wa Mujinga, mtoto wa mstari wa kumi na saba kwenye daftari, akasimama mbele yake.

"Baba, huyu mutoto hakukula tangu jana. Atakimbia na nguvu gani?"

Nilikuwepo. Sijawahi kumwona mtu mzima akishikwa na aibu vile. Aliketi chini vumbini, akapokea chupa za watoto waliokaa bila kukimbia. Kurasa za miezi minane ya kambi zimeandikwa hivi, kwa mwandiko wake: Hawakukimbia. Njaa. Alijua kwamba kwa utafiti kurasa hizo hazifai tena. Lakini sindano aliwachoma kila dawa ilipopatikana, na ile ya kumi na mbili ya Mujinga aliichoma asubuhi ileile treni ilipowarudisha Kasai.

Leo mistari thelathini ni safi. Kumi na mmoja haina jibu, na wenyewe hatujui waliko. Jambo hilo linamuuma, wala hafichi.

Mstari wa kumi na saba ulipata jibu juma lililopita. Mtu wa ONU alileta bahasha kutoka Bakwanga, kulekule Kasai, ndani yake karatasi ya muuguzi wa huko: mkojo wa Mujinga umepimwa mara tatu, hauna yai hata moja. Chini Mama Martine ameandika mwenyewe: "Baba, siku hizi anakula. Alikimbia kwanza."

Baba Asumani alisoma, akavua miwani, akalia mbele yetu sote. Kisha nilimshikia daftari, akaandika jibu.

Baba Asumani, aksanti kwa yote, hata kwa zile chupa kumi. Mkeo, Mama Mwajuma, amekungoja miaka mingi. Kaa naye, ule, ulale mpaka jua lipande. Tunakutakia siku za amani, sisi tuliobaki na uchovu wetu. Daftari sasa liko mezani kwangu. Mstari wowote kati ya ile kumi na mmoja ukipata jibu, nitakuja kukugongea mlango, na nitakuambia kwanza kama mtoto alikimbia.

Ngosa, meza ya pili, labo