Mama Chaki na Wote Aliowaacha

Ndugu, majirani na wateja, mnaombwa mkae. Wasifu huu ni wa kurasa mbili na hautapunguzwa hata neno, kwa sababu aliyeagiza usomwe ndiye huyu tunayemzika.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Chaki, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mfua vyuma na mama muuza maziwa. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake wa pekee, ambaye leo anauza mapazia sokoni na ndiye anayesoma hapa. Tangu siku hiyo marehemu hakupata tena kitanda chake peke yake, na hadi utu uzima alikuwa akimwambia: "Wewe ulikuja na mateke yako, ukanihamishia ukutani."

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza darasa la saba mwaka 1981. Kichwa kilikuwa chepesi, ila vidole vilikuwa vyepesi zaidi. Akiwa darasa la tano, mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani, alimkuta nyuma ya stoo akipunguza sketi ya mwenzake, na foleni ya wasichana wanne wakisubiri zamu. Alichapwa mbele ya shule nzima. Ijumaa ya wiki ileile mwalimu mkuu huyohuyo alimwita ofisini, akafunga mlango, akatoa gauni lake kwenye mfuko. "Hili linanibana kifuani. Na ole wako umwambie mtu!" Marehemu hakumwambia mtu. Alimwambia mdogo wake tu, na mdogo wake ndiye aliyewaambia watu. Toka utotoni alijua kabisa neno akilipeleka wapi linatangazwa.

Baada ya kujifunza kazi kwa miaka saba chini ya fundi mwingine, mwaka 1990 alifungua duka lake mkabala na kituo cha mafuta: mbele cherehani tatu, nyuma stoo. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, yunifomu za wauguzi. Chaki ilikaa sikioni hata akienda kuoga. Sheria yake ilikuwa moja: pima mara mbili, kata mara moja. Mteja akimharakisha, alimjibu, "Kitambaa kikishakatwa hakiombwi radhi."

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na dalali wa nyumba ajulikanaye kama Bwana Mipango, aliyeketi pale safu ya mbele. Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni fundi umeme. Marehemu alimshonea mumewe suti tatu. Aliyoivaa leo ni ya mwisho, ya mwaka 2019, yenye mfuko wa ndani upande wa kushoto. Mfuko huo tutaurudia. Kuhusu miaka ya katikati wasifu huu hautasema mengi. Bwana Mipango alikuwa na mipango, na mingi ililala nje.

Mwezi Mei 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo. Alivumilia, akalaumu maharage, akaendelea kukata vitambaa, mpaka akaanguka juu ya meza ya kazi. Jumanne, tarehe 6 Juni, alipasuliwa kwa saa tano. Utumbo ulikuwa umejikunja na sehemu yake imeoza. Kutoka hapo alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, kitanda cha nne, mpira ukiwa kooni na mashine ikimpumulia.

Hapo ndipo mdogo wake alipofanya kosa, na wasifu huu haulifichi. Mwanamke ambaye hajawahi kununua robota la mapazia bila kulifungua alijaza fomu ya hospitali bila kufikiri. Palipoulizwa ndugu wa karibu, mkono ulijiandikia wenyewe: mume. Kumbe hospitali hutoa kadi moja tu. Mwenye kadi ndiye anayeingia, saa sita na saa kumi, dakika kumi kumi, na ndiye daktari anayezungumza naye.

Bwana Mipango aliingia siku hiyo dakika mbili, akatoka, akaitia kadi mfuko wa ndani, akaondoka nayo. Siku tatu hakurudi. Alipopigiwa simu alisema, "Shemeji, tuliza moyo. Mimi ndiye mume, nitakwenda nikipata nafasi." Nafasi hakuipata, ila alipata muda wa kupita mtaani akiwaonyesha watu kadi na kupokea pole. Siku hizo tatu Mama Chaki alilala bila kusikia hata sauti moja anayoijua, na mdogo wake alisimama nje ya mlango wa kioo akihesabu miguu ya vitanda.

Siku ya nne alimkabili muuguzi.

"Sista, nipe dakika tano."

"Bila kadi huingii."

"Mbili."

"Dada, hapa si sokoni."

"Najua. Sokoni ningeshaingia."

Muuguzi alicheka, akageuka aende zake. Ndipo mdogo wa marehemu alipouona mshono wa bega, ule wa kurudiwa mara mbili.

"Nani kakushonea hiyo yunifomu?"

"Mama Chaki, wa pale mkabala na kituo cha mafuta. Kwani vipi?"

"Yuko kitanda cha nne."

Muuguzi alikuwa amemgeuza na kumwosha siku zote hizo asimtambue. Kwenye faili kulikuwa na jina la kitambulisho, na uso ulikuwa umevimba. Alishika pindo la yunifomu yake. Kisha akasema, "Nawa mikono mpaka kwenye viwiko."

Tangu siku hiyo mdogo wake hakukosa saa sita wala saa kumi. Alimlowesha midomo kwa pamba, akamkanda vidole. Daktari alisema huenda mgonjwa anasikia, kwa hiyo alimsimulia malalamiko ya wateja, maana aliamini hakuna kitu cha kumwamsha fundi haraka kama mteja anayelalamika.

Ijumaa, tarehe 16 Juni, dawa za usingizi zikiwa zimepunguzwa, marehemu alifungua macho. Kusema hakuweza kwa sababu ya mpira. Alipewa kalamu, ikamponyoka. Mdogo wake akatoa chaki ya fundi na kipande cha kitambaa cheusi, na vidole vikakumbuka kazi yao. Aliandika: NIMEACHA.

"Umeacha nini, dada? Pasi?"

Mgonjwa akafumba macho kwa kuchoka. Mdogo wake hakusubiri. Alikimbia hadi dukani akijua atakuta majivu. Pasi ilikuwa imezimwa, baridi kama jiwe. Lakini nyuma, kwenye stoo, alikuta kitanda kilichotandikwa, jiko dogo, magauni yaliyotundikwa ukutani na mswaki mmoja. Ukutani kulikuwa na kalenda, na tarehe 9 Januari imezungushiwa chaki.

Saa kumi alirudi. "Pasi ni nzima. Kitanda nacho nimekiona."

Marehemu aliandika neno la pili chini ya lile la kwanza: MUME. Akapiga mstari, akaurudia. Alikuwa amepima mara mbili.

"Na yeye anajua?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukuniambia? Niseme?"

Akaandika: MBELE ZA WATU. Kisha, kwa herufi ndogo zilizopinda: WAKIJAA.

Kesho yake fomu ilibadilishwa, mgonjwa akatia dole gumba lenye vumbi la chaki, daktari na muuguzi wakiwa mashahidi. Jumatatu tarehe 19 Bwana Mipango alitokea, kadi mkononi. Mlinzi aliitazama, akamrudishia.

"Kadi hii imefutwa, mzee."

"Imefutwa na nani?"

"Na mgonjwa."

"Mgonjwa hasemi!"

"Ameandika."

Bwana Mipango alicheka ukumbini, watu wote wakisikia. "Tangu Januari ananiambia kaniacha. Mwanamke haachi, huachwa! Na mwisho wa yote, atakayepewa pole ni mimi. Mgane ni mimi." Alijiita mgane, mke akiwa bado anapumua hatua kumi kutoka pale. Mdogo wa marehemu alikikunja kile kitambaa cheusi. Akakitia mkobani, akakihifadhi mpaka leo. Hiki hapa. Anayetaka kukisoma apite mbele.

Maambukizi yaliingia kwenye damu, figo zikasimama. Mama Chaki alifariki Jumamosi, tarehe 24 Juni 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, binti yake akimshika mkono mmoja na mdogo wake mwingine. Maneno ya mwisho hayakuwepo. Alikuwa ameshayaandika siku nane kabla.

Familia inamshukuru muuguzi wa kitanda cha nne, ambaye leo amekuja na yunifomu ileile. Mlinzi naye anaiulizia kadi ya hospitali. Iko mfuko wa ndani, upande wa kushoto.

Marehemu ameacha binti mmoja. Ameacha mdogo wake mmoja. Ameacha mafundi saba aliowafundisha kazi, na cherehani tatu ambazo ni za binti yake. Hawa wote aliwaacha tarehe 24 Juni, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Ameacha na mume. Huyo alimwacha tarehe 9 Januari, Jumatatu, akiwa hai, mzima wa afya na mwenye akili timamu. Pole za leo zipelekwe upande wa binti. Safu ya mbele hakuna mgane. Kuna mwanamume aliyeachwa.

Kitambaa kimekatwa, dada. Weka mkasi chini, upumzike kwa amani.