Tuta Linalovuja

Ndani ya basi, mama mmoja mfuga samaki alikuwa amepakata ndoo ya vifaranga vya samaki. Jirani yake, fundi wa idara ya maji, alimwambia kuwa bwawa la zamani anamofugia mama huyo litakaushwa, maana tuta lake la udongo linavuja.

"Linavuja tangu bibi yangu yu hai," mama akasema. "Kama mnawataka samaki wangu, semeni."

"Zamani yalitoka maji safi, mama. Sasa yanatoka matope. Tuta linaliwa kwa ndani, na nyumba yako iko chini yake."

"Na bata maji wanaotagia pale, nao mmewapa taarifa?"

"Bata wana mabawa, mama. Wewe je?"

Abiria wakacheka. Mama akanigeukia mimi, bibi wa watu niliyekaa nyuma yao. "Mtu asiyekujua akikuonea huruma sana, hesabu kuku wako."

Lakini kila basi liliporuka shimo, niliona fundi akiishika ile ndoo isimwagike.

Tulipofika bwawani basi likasimama. Fundi akashuka, akanyoosha mikono aipokee ndoo. Mama akaikumbatia.

"Tangulia wewe," akamwambia, "niione mikono yako."