Eliakunda Mbwambo na Kikombe cha Wifi Yake

Mpendwa wetu Eliakunda Mbwambo, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 huko Vudee, milimani Upare, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Gadiel Mchome, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, akafanya kazi ya ushonaji Same mjini, na tarehe 7 Agosti 1971 akafunga ndoa na Kaleb Mbwambo wa Ndungu, wakalima mpunga, na mwaka 1973 wakajaliwa mtoto wao wa kwanza, Rodgers.

Ikafuata miaka ambayo wengi hapa mnaijua kwa minong'ono tu, na familia imeona isomwe kwa mpangilio wake. Mwaka 1976, na tena mwaka 1979, Eliakunda alijifungua mtoto aliyekwisha kufariki tumboni, wote wawili wakubwa kupita kawaida, yule wa pili akiwa na kilo tano kasoro robo. Katika mimba hiyo ya pili wifi yake Naelijwa, dada wa Kaleb, alimshika tumbo sokoni mbele za watu akasema, "Wifi, huyu atazaliwa anatembea," na msiba ulipotokea Eliakunda akaamini kwamba lile lilikuwa jicho baya. Tangu hapo hakupokea hata maji kwa Naelijwa, na wifi alipoonja kwanza, kama desturi yetu inavyomtaka mwenyeji aonyeshe kuwa hakuna sumu, yeye alisema kwamba aliyezoea sumu haimdhuru. Mimba iliyofuata, ya binti yake Hana, aliificha, akaenda kuilea kwao Vudee, na Hana alipozaliwa hai mwaka 1982 shuku ikapata ushahidi.

Tarehe 14 Februari 2019 alimsindikiza Hana, aliyekuwa mjamzito, kliniki mjini Same, na muuguzi Salha alipompa Hana maji ya sukari anywe ndipo apimwe, mama akahoji, "Mnamshuku ana sukari, halafu mnamnywesha sukari?" akataka muuguzi aonje kwanza. Salha akamjibu, "Bibi, nikionja kipimo kitapungua, hapa si kwenye pombe." Majibu yalionyesha kisukari cha ujauzito, na Salha akaeleza kuwa sukari ya mama humfikia mtoto, humnenepesha, na isipodhibitiwa yaweza kumuua kabla hajazaliwa, kisha akauliza kama katika familia kuna aliyepoteza watoto wakubwa wa namna hiyo. Eliakunda akasema, "Wawili."

Katika mimba zile mbili hakuna aliyempima, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba ni sukari iliyowaua, wala yeye hakuapa, bali aliyashuku maelezo yale kama alivyoshuku yote, akaamua kuyahakiki kwa Hana mwenyewe: alimpimia kande na ugali, akamnyima miwa na soda, akatembea naye jioni kando ya mfereji, akasimamia kila sindano ya insulini, hata majirani wakaanza kumshuku kwamba anamshindisha mwanawe njaa. Tarehe 9 Mei 2019 Hana alijifungua salama mtoto wa kike wa kilo tatu na robo.

Wiki iliyofuata Eliakunda alikwenda kwa Naelijwa, ambaye alimuuliza mlangoni amekuja kumlaumu kwa lipi tena, kisha akaandaa chai, na alipoinua kikombe ili aonje, Eliakunda alikichukua mkononi mwake akanywa yeye kwanza. "Haina sukari," akasema, na Naelijwa akamjibu, "Nimesikia kwenu sukari ina kesi."

Mwaka 2021 yeye mwenyewe aligundulika na kisukari, figo zikadhoofu, na tarehe 3 Juni 2025 alifariki hospitalini Same, akiwa na umri wa miaka 74, akiacha watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani wa Ndungu, wakulima wenzake wa mpunga na ndugu wa Vudee. Tumesikia tangu jana wapo wanaouliza kama Naelijwa anastahili kukaribia kaburi hili. Jibu alilitoa marehemu akiwa na akili timamu, kwamba watoto wake wakishaweka udongo, anayefuata ni wifi yake, na baada yake wengine wote.

Mama Rodgers, pumzika kwa amani.