Alama Mia Sita na Kumi na Mbili za Bi Swaumu

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Bi Swaumu Majidi anafunga kazi baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili katika Ushirika wetu wa Asali hapa Tabora. Ndiye aliyetuandikia programu ya kompyuta, ile inayomjua kila mrina asali na mizinga yake. Wasifu huu nauandika mimi, Wenceslaus Kashindye, mpima asali wa ghala tangu mwaka 1979. Wapo walionizidi shule. Lakini hakuna anayemjua kunishinda, na Zabibu wa ofisi aliyepiga chapa nimemkataza kunyoosha neno langu hata moja.

Bi Swaumu ni mtoto wa mjini, wa ukoo wa mafundi cherehani wa Ng'ambo. Alikuja mwaka 1994 na cheti cha kompyuta na hofu ya nyuki. Cheti alikiweka kabatini, hofu anayo mpaka leo. Nyuki mmoja akiingia ofisini, yeye anatoka. Mimi nimeumwa mara zisizo na idadi na sijawahi kukimbia, lakini hii si habari yangu.

Shida ya kwanza aliyoikuta ni majina. Kina Kashindye, Kabula na Sayi kwetu ni wengi kuliko miti. Na tarehe za kuzaliwa ndiyo usiseme: karani wa zamani akikuandikisha, kama siku yako huijui, alikuandikia Julai mosi. Ndivyo nusu ya wazee wa Nzega na Igunga tulivyozaliwa siku moja. Basi mwaka 1996 Bi Swaumu akaja ghalani. "Shikamoo mzee Kashindye. Mizinga yenu huko porini mnaitofautishaje?" Nikamwambia, marahaba, kwa alama. Kila mrina ana alama yake anayoichonga kwenye mzinga, akifa anairithi mwanawe, hata mwizi anaiheshimu.

Akaniomba nimwonyeshe. Nilizichora zote mia sita na kumi na mbili, kwa mkaa, kwenye sakafu ya ghala, bila kutazama popote. Nani mwingine angeweza? Yeye alizinakili kwenye daftari la hesabu, kijumba cheusi, kijumba cheupe, kisha akaziingiza kwenye mashine. Tangu hapo mzee asiyejua herufi akifika dirishani anaonyesha alama yake kwenye kioo kwa kidole, na mashine inamtambua. Hata mimi inanitambua hivyo, ambaye herufi nilizipata ukubwani na kwa shida.

Alama moja tu ilileta maneno, ya mama Kabula wa Igunga. Bi Swaumu alipanda basi akaenda kuuona mzinga mwenyewe, akarudi akasema nimeichora kichwa chini. Nikamwambia ule mzinga ndio uliotundikwa kichwa chini. Ubishi huo tumeula miaka ishirini na tisa.

Kuhusu kazi yake alikuwa na misimamo, na mingi naikubali kwa sababu inafanana na yangu. Programu yake haikumfokea mtu. Ukikosea ilikuandikia, "Samahani, uzito huu umezidi ndoo. Pima tena." Haikufuta kitu pia, mwanachama akifa, jina lilipigwa mstari na likabaki linasomeka. Kila mwaka walikuja watu na lugha mpya ya kuandikia programu, wakimwambia yake imezeeka. Aliwajibu kwamba mzinga wenye nyuki haupakwi rangi. Waliposema siku hizi kumbukumbu zinawekwa kwenye wingu, akasema wingu ni zuri, ila sisi wa Tabora tumeona mawingu mengi yakipita bila mvua. Kwa hiyo kila Ijumaa alitoa nakala mbili, moja ya ofisi na moja ya nyumbani, kwenye sanduku lake la kanga.

Na akili mnemba, hii ya kuandika yenyewe, aliijaribu mbele yangu. Ilijaza kioo kabla sijamaliza kikombe cha chai. Yeye akakaa siku mbili kusoma ilichoandika, akakuta imetunga vizuri programu ya ushirika usiokuwepo. Hakuitukana. Alisema tu kwamba kuandika hakujawahi kuwa ndiyo kazi. Kazi ni kumjua mwenye ndoo.

Sasa nieleze ya Oktoba iliyopita. Bodi ilinunua mfumo mpya, akaja nao mtaalamu Eliya, mtu mpole, leo yupo hapa anakula pilau yetu. Mfumo ule haukuwa na nafasi ya alama. Ulimtambua mtu kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, basi. Bi Swaumu alisimama mkutanoni akasema, "Jamani, nusu ya wazee wetu wamezaliwa Julai mosi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu mfumo ukawashwa. Mia sita na kumi na wawili wakawa mia tano na sitini na watatu. Kina Kabula wanne wakawa Kabula mmoja mwenye mizinga mia mbili. Mimi nikaenda dirishani na asali yangu, Eliya akatazama kioo, akatazama uso wangu, akatazama kioo tena. "Mzee, samahani, hapa inaonyesha ulifariki mwezi wa nne." Nikamwambia, "Basi mpe pole mke wangu, yuko nje na ndoo." Kumbe nilikuwa nimeunganishwa na Wenceslaus Kashindye wa Bukene, Mungu amrehemu, Julai mosi mwenzangu.

Zabibu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Ijumaa ile orodha ya wanachama ilitakiwa iende kuombewa vibali vya kutundika mizinga msituni. Ambaye jina lake halimo, msimu mzima hatundiki. Watu arobaini na tisa, na wengi wao hawana shamba wala ng'ombe.

Mimi ningeurudisha mfumo ule ulikotoka, na Eliya juu yake. Bi Swaumu hakusema hata "niliwaambia". Alikwenda nyumbani, akafungua sanduku la kanga, akarudi na nakala. Akavuta kiti karibu na Eliya, akasema, "Tuanze na marehemu." Siku nne walikaa, alama kwa alama, nami nyuma yao nikithibitisha kila moja. Kisha akamwomba Eliya atengeneze nafasi ya alama ndani ya huo huo mfumo mpya. Nilipong'aka, akaniambia hakatai kipya, anakataa kipya kisichotujua. Ijumaa saa tisa orodha ilitoka na watu mia sita na kumi na wawili, nami nikiwemo, hai.

Kabla ya kuondoka ameandika daftari la Kiswahili kurasa mia na kumi, kila kipande cha programu na sababu yake, kamkabidhi Zabibu. Sisi wanachama tumemchongea mzinga, nimeutundika mwenyewe msituni Ntalikwa, mbali na njia ili nyuki wasimtishe. Alama yake niliibuni mimi. Wiki iliyopita nilimpelekea aione. Akaitazama kidogo, akaniuliza taratibu, "Mzee, hii si ya mama Kabula umeigeuza?"

Nilichonga nyingine. Na kwa kuwa zawadi ya mzinga ni ya wote, yangu peke yangu ni hii, kwa maandishi, isifutwe: mwaka 1996 alama ya mama Kabula niliikosea mimi. Mzinga ulikuwa sawa.

Asante, Bi Swaumu, kwa kutujua. Kesho unatimiza miaka sitini, maana wewe ndiye pekee kati yetu uliyezaliwa Julai mosi kweli, na cheti unacho. Karibu kwa wenzako. Maisha yako yawe marefu, asali isikatike, na nyuki wakupishe njia.