Ekra za Mama Régine

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe, kwa sababu mwanaume anayesimama mbele yenu alikuwa na kiburi kigumu, na Mungu alikivunja bila kunivunja mimi.

Ilikuwa miaka ile mibaya ya Likasi. Viwanda vilikuwa vinanyamaza kimoja kimoja, wenzangu wengi wakahamia Kapolowe kulima. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta. Dispensari yetu ilikuwa na mashine moja, na programu yake niliiandika mwenyewe, kurasa tatu za kioo tulizoziita ekra: ekra ya jina, ekra ya ugonjwa, ekra ya dawa. Niliipenda kupita kiasi!

Mama Régine, muuguzi mkubwa, ndiye aliyeitumia. Aliniambia kwa upole:

"Papa Joël, nikitoka ku ekra moya, nikirudia, yote niliandika inapoteaka."

Nikamjibu mbele ya wagonjwa: "Mashini haina makosa, Mama. Ni weye unafinyaka vitufe mubaya."

Akaanza kuandika upya. Ndugu zangu, neno lile bado linaniuma.

Wiki chache baadaye mke wangu Anastasie alishikwa na homa ya mapafu. Nilimfikisha dispensari akiweweseka, hanitambui. Nikamwambia Mama Régine kwamba penisilini humvimbisha koo. Akaandika. Kabla hajamaliza, akaletwa mtu aliyeungua mkono. Akafungua ekra nyingine amwandike yule, akarudi kwenye ekra ya Anastasie, akachapisha karatasi ya matibabu, akakimbilia kidonda. Mimi nikatumwa sokoni kutafuta sindano, maana dispensari haikuwa na hata moja.

Niliporudi, muuguzi mwingine aliipokea, akasoma karatasi, akavuta dawa iliyozoeleka ya homa ya mapafu. Alikuwa amekwisha kushika mkono wa mke wangu, Mama Régine akatokea mlangoni na bandeji mkononi.

"Acha! Ni penisilini? Uyu mwili yake inaikatalaka!"

Alikuwa amekumbuka kwa kichwa chake tu. Nilichukua karatasi. Mahali pa onyo palikuwa peupe. Programu yangu ndiyo iliyopafuta!

Nilipiga magoti. Nililia palepale sakafuni: "Yesu, niondolee kiburi hiki!" Nikamwomba Mama msamaha. Hakunigombeza.

"Kesho kuya uikale pembeni yangu, Papa. Utazame vile natumikaka."

Nilikaa asubuhi nzima. Hakumaliza mgonjwa hata mmoja bila kuitwa na mwingine. Na mimi nilikuwa nimemwandikia programu ya mtu asiyeitwa na yeyote! Nikaiandika upya: kila ekra ihifadhi maneno yake, akirudi akute pale alipoachia, hata umeme wa bwawa la Mwadingusha ukikatika. Na onyo lionekane juu ya kila ekra. Alipoijaribu alicheka, akanikatia nusu ya kiazi chake kitamu.

Anastasie alipona, haleluya! Nilipomweleza yote, alinishika kidole tu mpaka usingizi ukamchukua.

Asante, Baba! Ndugu yangu, labda nyumbani mwako kuna mtu anayekuambia kwa sauti ndogo kwamba unamuumiza. Usimjibu. Kaa karibu naye, tazama. Na kiburi kikikataa kutoka, mkabidhi Yesu. Mimi kilinishinda, Yeye hakikumshinda. Mtumaini leo, ukiwa bado unaye mtu wa kumwomba msamaha.